Karatasi ya Glavu

"Wewe ni sista ama ni wa kuandika?"

Swali hilo niliulizwa saa tisa usiku na mama aliyekuwa na uchungu wa mtoto wa tatu, mkazi wa Kayole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kando ya barabara. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amenitazama karibu saa nzima nikiwa nimempa mgongo, nimeinamia kompyuta ya kaunta, na kila alipoguna nilikuwa nageuza shingo, namwambia "pole mama, nakuja," kisha narudi kwenye vitufe. Kwake yeye sista ni yule wa kushika mkono na kusugua kiuno. Huyu wa kaunta alikuwa mtu mwingine, pengine karani, pengine mtu wa bima.

"Mimi ni sista, mama."

"Basi njoo."

Nikaenda. Nikamsugua kiuno, nikasikiliza mapigo ya mtoto, 138, nikayaandika kwenye karatasi ya glavu na kuitia mfukoni. Alijifungua kabla ya saa kumi, msichana wa kilo 3.2. Nambari ya faili yake nimeisahau. Swali lake ndilo limenifanya niandike haya.

Nimekuwa muuguzi na mkunga Nairobi kwa miaka 17, mingi yake mashariki mwa jiji. Hospitali nitakayoisimulia sitaitaja, na wanaofanya kazi nami wataijua bila kutajiwa. Chuoni KMTC tulikuwa na mwalimu ambaye kila kipindi alikifunga kwa maneno yale yale: usichokiandika hukukifanya. Tuliyakariri mpaka tukawa tunaambiana kwa utani hata jikoni, mtu akipika ugali anaulizwa kama ameuandika. Lakini hatukuyapinga na hadi leo siyapingi. Mgonjwa akihamishwa saa sita usiku kwenda hospitali kubwa, barua yako ndiyo itakayozungumza kwa niaba yake. Mambo yakifika mahakamani, faili ndiyo itakayosimama kizimbani nawe.

Na mtu asinione kama wale wa kuchukia kompyuta. Miaka sita ya kwanza nilifanya kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na huko niliujua ule udhia wa makaratasi. Faili zilipangwa kwenye rafu hadi darini. Mgonjwa amefika saa moja asubuhi ili awahi kazini Industrial Area, saa nne bado karani yuko juu ya ngazi anatafuta. Isipoonekana anafunguliwa faili ya muda, na mwezi unaofuata ile ya muda nayo inapotea. Nimewahi kumkuta baba mmoja ana faili tatu, kila moja na dawa zake na uzito wake, utadhani ni ndugu watatu waliopewa jina moja.

Kisha ikaja KenyaEMR, mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo sehemu ya asili yake ni hapa kwetu. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, na 2004 kazi hiyo ikasaidia kuizaa OpenMRS. Mimi sikuyajua hayo wakati ule. Nilichojua ni kwamba asubuhi nafungua mashine na kupata orodha ya waliokosa kuja kuchukua dawa, na kabla ya saa tano nimeshawapigia simu wote. Mgonjwa anakaa mbele yangu, tunaongea, naandika, tunaendelea kuongea. Mashine ilikaa kando kama mtu wa tatu mwenye adabu.

Kwa hiyo mapema 2023, tulipoambiwa kwamba mfumo unaletwa wadi ya kujifungulia, mimi ndiye niliyepiga makofi. Wenzangu wananikumbusha mpaka leo.

Tofauti niliielewa baadaye. Kliniki ni foleni: huyu akitoka ndipo yule anaingia. Uchungu haupangi foleni. Mama wa kitanda cha pili anaweza kuwa ametulia kama maji ya mtungi, na ukigeuka kichwa cha mtoto kinaonekana. Mtu anayefanya kazi mahali kama hapo anahitaji rekodi inayokaa kitandani na kuonekana kwa jicho moja. Rekodi hiyo tulikuwa nayo, na inaitwa patografu.

Kwa asiyeijua, patografu ni karatasi moja yenye miraba. Chini zimeandikwa saa, kando zimeandikwa sentimita za kufunguka kwa mlango wa kizazi. Kila ukimpima mama unatia alama, na alama zikiungana zinatoa mstari unaopanda. Mistari maarufu ya karatasi hiyo ilichorwa Afrika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, waliweka mstari wa tahadhari unaopanda sentimita moja kwa saa, na saa nne kulia kwake wakaweka mstari wa kuchukua hatua. Waliwafikiria wakunga wa zahanati za mbali, wasio na daktari wala gari. Mkunga akiona mstari wa mama unalala na kuanza kuvuka ule wa tahadhari, anajua ni wakati wa kutafuta usafiri, hata kama hakuna aliyemwambia. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilileta mwongozo mpya ulioiondoa mistari hiyo, kwa kuwa si kila mama hufunguka sentimita kwa saa, na sasa uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia sentimita 5, zamani ilikuwa 4. Sawa. Hata huo mpya ni ukurasa mmoja, na ukisimama miguuni mwa kitanda unaona usiku mzima wa mama kwa mtazamo mmoja.

Mfumo wetu uliukata ule ukurasa vipande. Kila uchunguzi ukawa fomu yake. Unafungua, unajaza, unahifadhi, inafungwa. Kuona ulichoandika saa nne zilizopita ni lazima urudi nyuma, uingie historia, uchague tarehe, usubiri. Ule mstari uliokuwa unapanda au unalala ukageuka kuwa tarakimu. Sita. Ukurasa mwingine, sita. Ukiziona moja moja, kila moja na saa yake, sita ni sita tu, haikushtui.

Halafu kuna hesabu ya muda, na hii niliifanya mwenyewe kwa saa ya simu. Usiku wa kawaida tunakuwa wauguzi wawili na mama wanane walio kwenye uchungu wenyewe. Mapigo ya mtoto na nguvu za uchungu huangaliwa kila nusu saa, presha na mlango wa kizazi kila saa nne. Kwa mapigo peke yake kila mmoja wetu ana vipimo vinane kwa saa, na kila kimoja kinataka usikilize dakika nzima. Kuandika kipimo kimoja kwenye kompyuta kulinichukua dakika tatu: kutembea hadi kaunta, kuweka neno la siri kwa sababu skrini imejifunga, kumtafuta mama kwa jina, kufungua fomu, kujaza, kuhifadhi, kurudi kunawa mikono. Nane mara tatu ni 24. Dakika 24 za kila saa zimeenda kaunta, na bado sijabadilisha dripu, sijapokea mtoto, sijaongea na daktari kwenye simu, sijaenda msalani.

Kila mkunga aliyebanwa hivyo amepata dawa yake, na dawa ya wadi yetu ilikuwa karatasi ya glavu. Glavu za kupokelea watoto huja zimekunjwa ndani ya karatasi nyeupe yenye herufi L upande mmoja na R upande wa pili, ya kushoto na ya kulia. Ukishavaa, karatasi inabaki safi, saizi ya mfuko wa yunifomu. Ninaiandika hivi: K3, 142, 3/10, 02:10. Kitanda cha tatu, mapigo ya mtoto 142, uchungu mara tatu ndani ya dakika kumi, saa nane na dakika kumi usiku. Majina siandiki. Nilijifunza hivyo baada ya kuikuta moja ndani ya mashine ya kufulia nyumbani, na nikajiuliza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasemaje kuhusu mashine za kufulia.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu, unaketi na karatasi zako na kuuhamisha usiku mzima kwenye mashine. Kila kipimo mfumo ulikipiga muhuri wa saa ile unayokiandika. Ukiusoma mchana utadhani usiku kucha tulilala, kisha kulipokucha tukawapima wote kwa mpigo.

Na vitabu havikuondoka. Hili watu wa nje hawaliamini. Rejista ya MOH 333, ile ya wanaojifungua, bado inajazwa kwa kalamu. Kijitabu cha mama na mtoto, kalamu. Taarifa ya kuzaliwa, kalamu. Mwisho wa mwezi kuna muhtasari wa MOH 711 unaopanda hadi DHIS2, mfumo wa takwimu ambao Kenya iliueneza nchi nzima 2011. Tunauhesabu kutoka kitabuni, kwa kikokotoo, kwa sababu idadi ya kompyuta na ya kitabu hazijawahi kukubaliana. Mwezi mmoja kitabu kilisema 212, mashine 209. Tulikaa hadi saa tisa mchana tukiwatafuta wale watatu. Walikuwa wamezaliwa kwenye teksi na lifti, na mfumo haukuwa na mahali pa lifti. Na kwa vile karani wa hospitali yetu huondoka jioni, kuwaandikisha akina mama wa bima usiku kukawa ni kwetu, vidole kwenye kile kidude cha kusoma alama za vidole, mama anahema, kidude kinakataa kwa kuwa vidole vina jasho.

Kuna kisanduku kimoja ninachokifikiria kuliko vingine. Mama anapopokelewa fomu inauliza kama anadhulumiwa nyumbani, ndiyo au hapana, na huwezi kuendelea bila kujibu. Ni swali zuri, kuna watu walipigania liwekwe. Lakini linakuja baada ya nambari ya simu na kabla ya jina la chifu, na mimi naliuliza nikitazama skrini, na pembeni amesimama mama mkwe ameshika begi. Mama mmoja alinijibu "hapana" haraka, nami nikaweka hapana. Saa mbili baadaye nilikuwa namfungia dripu, tuko wawili, mikono yangu haina kazi nyingine. Akaniambia jino linalokosekana mdomoni mwake halikutoka kwa kuanguka. Nikarudi kubadilisha jibu na mfumo ukaniuliza kwa nini nabadilisha.

Sasa nisimulie ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023. Usiku, saa nne haijagonga, umeme ulipotea nchi nzima. Watu wanaikumbuka kwa ajili ya uwanja wa ndege wa JKIA ulioingia gizani. Mimi naikumbuka kwa wadi. Jenereta letu lilichukua chumba cha upasuaji na chumba cha watoto wachanga, basi. Kaunta ikafa, mfumo ukafa. Mwenzangu wa zamu alikaa kimya kidogo kisha akacheka, kicheko cha mtoto aliyesikia mwalimu haji.

Patografu za karatasi zilikuwa zimeondolewa wadi zisituchanganye. Mama wa usafi ndiye aliyejua zilipo, stoo, chini ya katoni za pamba, pembe zimeliwa na panya. Tukazichukua hivyo hivyo, tukafunga moja miguuni mwa kila kitanda kwa plasta. Mama saba. Simu za jamaa ndizo zilizokuwa taa zetu. Kwa kuwa hapakuwa na kaunta ya kurudi, tulizunguka: kitanda, kitanda, kitanda. Usiku ule nilijua majina yao yote, nilijua nani ameacha mtoto kwa jirani na nani mume wake yuko Mombasa na lori. Mama wa kitanda cha tano alikuwa na alama tatu kwenye karatasi: tano, sita, sita. Niliuona ule mstari ukilala nikiwa hata sijafika kitandani, kwa mwanga wa simu ya mama yake. Nikampigia daktari, akapelekwa kupasuliwa, mtoto akatoka analia.

Wenzangu wanaposimulia usiku ule huishia hapo, na wanafurahi. Mimi huwaongezea habari ya mama mwingine wa usiku huo huo. Alikuja bila kijitabu, alikisahau kwa dada yake Githurai. Kliniki ya ujauzito alihudhuria hapo hapo kwetu, na vipimo vyake vyote vilikuwa ndani ya mashine iliyokufa. Nikamuuliza kundi lake la damu. "O," akasema, "nafikiri O." Alijifungua salama, nami nikaandika O. Umeme uliporudi, muuguzi wa zamu iliyofuata alifungua jina lake na kukuta alama nyekundu: O hasi. Mama wa damu hasi aliyezaa mtoto wa damu chanya hudungwa sindano ya kinga ndani ya saa 72, la sivyo mwili wake huenda ukamshambulia mtoto wa mimba ijayo. Alikuwa ameshavaa viatu, anangoja kuruhusiwa. Karatasi yangu ingemwachilia aende. Kompyuta ndiyo iliyomrudisha kitandani.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema turudi kwenye vitabu, nakumbuka vile viatu.

Kilichonitoa usingizi kilitokea mwaka uliofuata. Mama alijifungua saa nane na dakika kumi usiku, na baada ya nusu saa akaanza kutoka damu. Damu ya uzazi haikupi nafasi. Unakanda mfuko wa uzazi, unaongeza oksitosini, unaita kila mwenye mikono, unatafuta mshipa wa pili kabla haijazama yote. Tulipigana naye kama saa mbili. Aliongezewa chupa mbili, akabaki nasi, siku ya nne akatembea kwenda nyumbani. Usiku ule ni moja ya kazi nzuri nilizofanya maishani.

Wiki tatu baadaye nikaitwa kikao cha kupitia visa vya hatari. Rekodi yangu ilirushwa ukutani. Ilikuwa safi sana. Mtoto kazaliwa saa kumi na moja na dakika 38 alfajiri, presha ya kwanza dakika ya 42, ya pili na ya tatu zinafuatana kama askari wa gwaride. Mwenyekiti, mtu mpole, akavua miwani.

"Sista, damu ilitoka maabara saa tisa na dakika hamsini. Mtoto kwenye mfumo amezaliwa saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Tueleze."

Yaani mama aliongezewa damu ya kujifungua karibu saa mbili kabla hajajifungua.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo Mswahili yeyote atalielewa. Mtoto alipotoka, mama wa usafi ndiye aliyetazama saa ya ukutani, akatangaza kwa sauti: saa nane na kumi! Alfajiri, macho yanafumba, ile sauti ndiyo iliyokuwa masikioni. Nikaandika 08:10. Mfumo ukakataa, saa hiyo haijafika. Nikafuta, nikajaribu tena, ukakataa, na mama wa kitanda cha kwanza ananiita. Chini kuna kitufe kilichoandikwa "sasa". Nikakibonyeza. Baada ya hapo kila kipimo kilijipanga nyuma ya uongo ule, kwa adabu.

Chumba kilinyamaza. Nilifikiria leseni yangu. Nilifikiria pia kwamba kama si daftari la maabara, rekodi ile ingesifiwa.

Kwa kawaida karatasi za glavu nazichana zamu ikiisha. Ile sikuwa nimeichana. Ilikuwa na damu pembeni na sikujua kwa nini, niliikunja tu nikaiacha kwenye kabati langu. Nikaomba ruhusa, nikaenda kuileta. Ilikuwa na mistari 14 kwa mwandiko mbaya: 02:25, 110/70. 02:40, 90/60. Kuanzia hapo kila baada ya dakika tano, hadi mahali ambapo kalamu ilitoboa karatasi. Mwenyekiti aliigeuza, akasoma L, akasoma R, akaipitisha kwa mwingine. Mtu wa utawala akauliza, "Hii ni hati?" Hakuna aliyemjibu.

Kijana wa mifumo alikuwepo kikaoni. Akasema kwa heshima kwamba mfumo uko sawa, shida ni watumiaji. Metroni wetu, mama wa maneno machache anayebakisha mwaka mmoja astaafu, alimtazama kama anayepima joto.

"Kesho usiku uko zamu," akamwambia.

Tulidhani ni mzaha. Kesho yake saa moja jioni kijana akaja na jaketi na begi la laptopu. Tukamweka kaunta, nyuma ya pazia, kwa heshima ya akina mama. Mpaka saa nne alikuwa anatufundisha njia za mkato za kibodi. Saa tano akaanza kuhesabu. Saa saba akaniambia nimeweka neno la siri mara 41. Kuna wakati aliniuliza kwa nini nisikae tu hapo niandike yote vizuri mara moja, na kabla sijafungua mdomo mama akaita kutoka ndani kwa sauti ambayo hata yeye aliielewa. Hakuuliza tena. Saa kumi alikuwa amesimama nje ya pazia ameshika tochi ya simu, mkono umenyooka, uso ameuelekeza ukutani, kwa sababu balbu ya kitanda cha nne ilikuwa imeungua na hapakuwa na mwingine wa kuishika.

Baada ya wiki chache mambo yalibadilika, si yote. Zilikuja tableti mbili zilizofungwa kwenye toroli, zinazungushwa kitandani. Mstari ulirudi, unajichora wenyewe ukiingiza sentimita. Kisanduku cha saa sasa huja kitupu na kitufe cha "sasa" kimeondolewa. Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo sana: ukiandika 02:10, chini yake yanatokea maneno "saa nane na dakika kumi usiku". Ukiandika 08:10 yanatokea "saa mbili na dakika kumi asubuhi", na unajua umeteleza. Alilifikiria mwenyewe, nami nikamnunulia chai na mandazi mawili.

Vitabu alisema hana uwezo navyo, hivyo ni vya juu. MOH 333 bado tunaijaza kwa kalamu.

Utawala nao ukaongeza la kwake. Kipimo kikiingizwa zaidi ya nusu saa baada ya kufanyika, lazima uchague sababu ya kuchelewa kutoka kwenye orodha: mtandao, umeme, kifaa, nyingine. Kijana alipotuonyesha nikamwambia orodha haijakamilika. Akaniuliza inakosa nini, nikamwambia, naye akaandika pale pale bila kumpigia mtu simu. Ikawa sababu ya tano: "Nilikuwa na mama".

Kikao cha robo mwaka kilipofika, sababu zile zilirushwa ukutani kwa michoro. Kijiti cha mtandao kilikuwa kifupi, cha umeme kifupi zaidi. Kile cha "Nilikuwa na mama" kilipanda hadi karibu kugusa kichwa cha ukurasa. Yule mtu wa utawala akauliza hiyo ni hitilafu ya aina gani na fundi wake ni nani.

"Fundi wake ni wauguzi wanne zaidi wa zamu ya usiku," metroni akasema.

Katibu akainua kalamu, akauliza aliandike hilo vipi.

"Liandike hivyo hivyo," metroni akamwambia. "Na uandike na saa."